Mwanangu hajalazwa kwa miezi minane: nishuhudie maombi au dawa?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, na ninaabudu katika kanisa moja la kipentekoste ambalo sitalitaja. Mtoto wangu wa pili, ambaye hapa nitamwita Baraka, ana umri wa miaka 9 na alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu (sikoseli). Aliyewahi kulea mtoto mwenye ugonjwa huu anajua ninachokisema: usiku mtoto analala mzima, alfajiri unamkuta amekunja magoti, analia kwamba mifupa inamchoma, na kabla jua halijapanda mko juu ya bodaboda mnaelekea hospitali. Mwaka jana peke yake alilazwa mara 5 na kuongezewa damu mara 2. Kila nilipokuwa wodini naye, wanawake wa kikundi chetu cha maombi ndio waliokaa nyumbani na nduguze, wakawapikia na kuwapeleka shule.

Mwezi Novemba mwaka jana daktari wa kliniki alimwanzishia dawa iitwayo haidroksiyurea. Mwezi Januari mwaka huu kanisa letu lilifunga kwa siku 21. Nilifunga siku zote, nikakesha kila Ijumaa, na usiku wa mwisho mchungaji alimwekea Baraka mikono na kutamka kwamba damu yake imebadilishwa. Tangu wiki ya pili ya Februari hadi leo ninapoandika barua hii, mwanangu hajalazwa hata mara moja. Ni miezi minane kamili, na haijawahi kutokea tangu azaliwe.

Mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Amesema pia kwamba kabla ya siku hiyo niache kumpa mtoto dawa, kwa sababu mtu hawezi kukiri uponyaji kwa kinywa huku mkononi ameshika kidonge. Mume wangu amekubaliana naye, na sitaficha kwamba bei ya dawa ni sehemu ya kukubali kwake. Mdogo wangu wa kiume, anayesomea kazi ya maabara, amekasirika sana. Anasema wataalamu walishayapima maombi zamani wakakuta hayafanyi chochote, na kwamba mikesha yangu yote nilikuwa ninajiliwaza tu. Maneno yake yaliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Yapo mambo mawili ambayo sijamwambia mtu. La kwanza ni kwamba kwa siku 5 sasa sijampa Baraka dawa yake, na silali usiku, namsikiliza anavyopumua. La pili ni kwamba usiku ule wa mwisho wa mfungo alikuwapo binti mwingine mwenye ugonjwa huu huu, aliyewekewa mikono dakika chache kabla ya mwanangu, na mchungaji ni yule yule na maneno ni yale yale. Binti huyo alifariki mwezi Juni. Mama yake bado anakuja ibadani, na huketi viti vya nyuma karibu na mlango. Kila ninapofikiria kusimama mbele na kipaza sauti, namwona yeye kwanza.

Naomba unijibu kwa ukweli. Je, maombi yanaleta matokeo yanayoonekana kwa macho, au hayaleti? Mtu wa kawaida kama mimi atajuaje? Na nikisimama madhabahuni niseme nini, nisije nikasema uongo mbele za Mungu?

Wako,
Mama Baraka, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu Mama Baraka.

Ukimaliza aya hii, weka barua pembeni kwanza upige simu kliniki, au uende mwenyewe, uwaambie bila kuficha kwamba mtoto amekosa dawa kwa siku 5, na umrudishie kama watakavyokuelekeza. Usimpe dozi mbili kwa pamoja ili kufidia siku zilizopita. Dawa hii huenda sambamba na vipimo vya damu vya mara kwa mara, na kwa hiyo wanaomhudumia wanahitaji kujua kila siku iliyorukwa. Wamewaona wazazi wengi waliorudi baada ya kuacha dawa, na hutakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mengine yote nitakayoyasema yanaweza kusubiri hadi umerudi.

Sasa nikujibu, na kwa kuwa umeniomba ukweli, ni haki ujue ninaongea kutoka wapi. Mimi ni mtu wa maombi tangu utotoni. Nilimwombea mume wangu kwa miezi saba alipougua saratani ya ini, na nilimzika. Sikuacha kuomba baada ya hapo, lakini niliacha kusema kwamba ninajua Mungu atafanya nini, na tangu siku hiyo huwa ninasikiliza shuhuda kwa makini zaidi kuliko zamani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ugumu wa swali lako. Maumivu ya seli mundu huja na kuondoka. Huja kwa kishindo, hukaa siku kadhaa, kisha hutulia, na kati ya tukio moja na jingine zinaweza kupita wiki au miezi. Sisi wazazi hatukimbilii madhabahuni siku ambayo mtoto anacheza mpira. Tunakimbia siku iliyo mbaya kuliko zote, au mwishoni mwa mwaka uliotuchosha kuliko yote. Baada ya siku iliyo mbaya kuliko zote, siku inayofuata ina nafasi kubwa ya kuwa na nafuu, hata kama hakuna aliyefanya lolote. Kwa hiyo chochote tulichokifanya katika saa ile ya shida, kiwe ni maombi, maji ya upako, mizizi ya mganga au kidonge cha duka la dawa, kitaonekana kimefanya kazi. Mama aliyeona kwa macho yake kwamba alikesha Ijumaa na Jumatatu mtoto akaamka amechangamka hasemi uongo. Ameona kweli. Kinachomponyoka ni kile ambacho hakuweza kukiona, yaani jinsi Jumatatu hiyo ingekuwa kama asingekesha.

Hilo lisiloonekana ndilo ambalo watafiti hujaribu kulifanya lionekane kwa kulinganisha makundi mawili ya watu. Dawa ya Baraka ilipita katika mizani hiyo. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Amerika Kaskazini kwa watu wazima 299 wenye seli mundu, ambao waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa haidroksiyurea na wengine vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa, na wagonjwa hawakujua wako kundi lipi. Wakipangwa kwa idadi ya matukio, mgonjwa wa katikati katika kundi la dawa alipata matukio ya maumivu makali kama 2.5 kwa mwaka, na mwenzake wa kundi la pili alipata 4.5. Baadaye, mwaka 2019, zilitangazwa habari za watoto zaidi ya 600 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda waliotumia dawa hiyo, na matukio yao ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu yakilinganishwa na kipindi cha kabla ya kuianza. Ninakuomba utazame pia kalenda yako mwenyewe. Dawa hii haifanyi kazi siku ile ile. Huinua taratibu aina ya hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo mtoto huwa nayo kwa wingi anapozaliwa, na nafuu yake huonekana baada ya miezi kadhaa. Baraka aliianza Novemba, na utulivu ulianza Februari. Huo ndio muda ambao daktari angeutegemea.

Mdogo wako amesema kwamba maombi nayo yalipimwa. Ni kweli yalipimwa, na kwa njia hiyo hiyo ya makundi mawili, lakini amekupa mkia wa habari akaacha kiwiliwili. Mwaka 1988 daktari wa moyo aitwaye Randolph Byrd alichapisha utafiti wa wagonjwa 393 wa hospitali moja ya San Francisco, ambapo nusu waliombewa na Wakristo waliokuwa mbali bila wagonjwa kujua nani yuko kundi lipi. Katika baadhi ya mambo mengi aliyoyapima, walioombewa walikuwa na hali bora kidogo, na habari hiyo ilihubiriwa sana. Lakini vifo havikutofautiana wala siku za kulazwa hazikutofautiana, na mtu akipima mambo zaidi ya 20 kwa wakati mmoja, machache kati yake yataonyesha tofauti kwa bahati tu. Ili kuwaonya wenzake juu ya mtego huo, mwaka 2001 mtafiti wa Israeli, Leonard Leibovici, alichukua kumbukumbu za wagonjwa 3,393 waliokuwa wamelazwa kati ya mwaka 1990 na 1996, akaligawa rundo hilo mara mbili kwa bahati nasibu, na mwaka 2000 nusu moja ikaombewa, miaka mingi baada ya wote kutoka hospitali au kufa. Walioombewa wakaonekana kuwa walikaa hospitali siku pungufu kuliko wenzao. Alitaka watu waone kwamba hesabu peke yake, bila fikra nyuma yake, inaweza kukuambia hata kwamba sala ya leo imeponya homa ya miaka kumi iliyopita.

Utafiti mwingine mkubwa ulichapishwa mwaka 2006 ukiongozwa na Herbert Benson, daktari wa Marekani ambaye hakuwa adui wa dini hata kidogo, na fedha nyingi zilitoka katika mfuko uliotamani kuona imani na sayansi zikipatana. Wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali 6 waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza liliombewa lakini halikuwa na uhakika kama linaombewa. Kundi la pili halikuombewa na watafiti, nalo halikuwa na uhakika. Kundi la tatu liliambiwa wazi kwamba linaombewa. Waombaji walikuwa vikundi vitatu vya Wakristo, waliopewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya ukoo, wakaomba kwa siku 14 kuanzia usiku wa kabla ya upasuaji. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza na asilimia 51 katika kundi la pili, maana yake hapakuwa na tofauti. Katika kundi la tatu, lile lililojua, walikuwa asilimia 59. Watafiti wenyewe walisema huenda hilo la mwisho ni bahati mbaya ya hesabu, na wengine wakafikiri kwamba mgonjwa akiambiwa kundi zima la watu limekusanyika kumwombea anaweza kuingiwa na hofu kwamba hali yake ni mbaya kuliko alivyoelezwa.

Kwa hiyo nakujibu waziwazi, mwanangu: palipowekwa mizani ya haki, maombi ya watu wa mbali kwa ajili ya mgonjwa wasiyemjua hayajaonyesha nguvu juu ya mwili ambayo mtu mwingine anaweza kuiona na kuihesabu. Siwezi kukuambia vinginevyo kwa sababu tu ningependa iwe vinginevyo.

Lakini mdogo wako naye amevuka mpaka wa kile kilichopimwa. Wagonjwa wa kundi la pili hawakuwa watu wasioombewa. Walikuwa na mama zao, wake zao na majirani zao, na hakuna mtafiti awezaye kumzuia mama kumwombea mwanawe. Kilichopimwa ni nyongeza ya sala za wageni, kwa jina nusu, kwa siku 14. Hakuna aliyempima mama anayejua uzito wa kichwa cha mtoto wake begani. Anayesema kwamba hayo ndiyo maombi yote, na kwamba yamekwisha kukanushwa, anasema jambo ambalo takwimu zile hazikulisema.

Wapo watumishi ambao wakisikia habari hizi hujibu kwamba Mungu hapimwi, na kwamba imeandikwa usimjaribu Bwana Mungu wako. Hoja hiyo ninaiheshimu na kwa sehemu kubwa ninaiamini. Ila anayeishika lazima aishike pande zote mbili. Kama kifo cha yule binti hakiwezi kuhesabiwa dhidi ya maombi kwa sababu Mungu hapimwi, basi miezi minane ya Baraka nayo haiwezi kuhesabiwa upande wa maombi kana kwamba ni kipimo kilichotoka maabara. Mchungaji wako anataka mizani wakati wa furaha na anaikataa wakati wa msiba, na hapo ndipo ninapoachana naye, ingawa siamini kwamba ana nia mbaya.

Ninaachana naye zaidi katika lile la dawa. Maandiko anayoyahubiri hayamsaidii. Wale wenye ukoma kumi katika Injili ya Luka waliagizwa waende kujionyesha kwa makuhani, na kuhani wa wakati ule ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutamka kwamba mtu ametakasika. Uponyaji ulipelekwa kwa mkaguzi. Kanisa Katoliki linafanya hivyo hivyo kule Lourdes nchini Ufaransa, mahali wanapokwenda mahujaji kwa mamilioni: ipo ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883, kila anayedai kuponywa huchunguzwa kwa miaka, na dai hukataliwa ikiwa matibabu yanatosha kuueleza uponyaji huo. Zaidi ya madai 7,000 yamefika mbele yao, na hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limeyatambua kuwa miujiza 70 tu. Sikutajii haya ili uamini ile 70, bali uone kwamba hata waaminio miujiza kwa moyo wote wamejiwekea utaratibu wa kutosema haraka.

Na kwa upande wa Baraka utaratibu upo na hauhitaji dawa iachwe. Mchungaji alitamka kwamba damu imebadilishwa. Hilo ni jambo linaloonekana. Kipimo cha aina ya hemoglobini, ambacho bila shaka ndicho kilichotumika kumgundua, kitaonyesha kama damu yake bado ni ya seli mundu au la, na kitaonyesha hivyo hata akiwa anaendelea na dawa, kwa kuwa dawa huongeza ile hemoglobini ya utotoni lakini haiifuti ile yenye kasoro. Mdogo wako anaweza kukueleza kipimo hicho kuliko mimi. Mwombe akusindikize, itamfaa kuliko kubishana nawe. Kama damu imebadilika, kliniki yenyewe ndiyo itakayokuwa ya kwanza kumwachisha dawa. Kama haijabadilika, basi utakuwa umejua kwa tone la damu la kidoleni au la mkononi, badala ya kujua kwa mtoto kulia alfajiri.

Sisi Watanzania tumekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge huko Loliondo kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakapanga foleni za magari zilizochukua siku kadhaa, ili wanywe kikombe kimoja kwa shilingi 500. Nchi nzima ilijaa shuhuda. Miongoni mwa waliokunywa walikuwapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamepona, na virusi havikuwa vimeondoka. Tuliwasikia waliorudi wakiwa na nguvu, kwa sababu wao ndio waliokuwa na pumzi ya kusimulia. Waliodhoofika baada ya miezi walizikwa vijijini kwao, na hakuna aliyewapa kipaza sauti.

Umeniuliza kama maombi yanaleta matokeo yanayoonekana, na hadi hapa nimekujibu kuhusu mwili wa anayeombewa. Kwa anayeomba habari ni tofauti. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha vipimo vya watu 23 wenye afya waliosali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini kwa kupokezana, na wakakuta kwamba mwendo wa sala hiyo unashusha kupumua hadi karibu mara 6 kwa dakika, na kwamba mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinaingia katika mpangilio ulio mzuri kwa moyo. Ndugu zetu wanaovuta uradi kwa tasbihi hawatashangaa. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliowafuatilia wauguzi wanawake 74,534 wa Marekani kwa miaka 16, ulionyesha kwamba wale waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikufa kwa uchache wa asilimia 33 kuliko wale wasiohudhuria kabisa. Hapa pia lazima tuwe waangalifu, kwa maana mwenye nguvu ndiye awezaye kutembea hadi kanisani. Watafiti walijitahidi kuliondoa jambo hilo katika hesabu, na hiyo asilimia 33 ndiyo iliyobaki baada ya hapo.

Lakini mimi sihitaji kwenda Italia wala Marekani, kwa sababu jibu limo katika barua yako mwenyewe, katika sentensi uliyoipitisha haraka kana kwamba haina uzito. Wanawake wa kikundi cha maombi walikaa na watoto wako, wakawapikia, wakawapeleka shule, mara 5 kwa mwaka mmoja. Hayo ni matokeo ya maombi yanayoonekana kwa macho, yanayohesabika, na ambayo hata mdogo wako hawezi kuyakanusha. Kama wasingekuwapo, ungewezaje kukaa wodini? Ungeweza kufika kliniki ile siku ya Novemba dawa ilipoanzishwa? Na wewe uliyefunga siku 21 ndiye uliyekumbuka saa ya dawa kila siku kwa karibu mwaka mzima, bila kuchoka, kazi ambayo huwashinda wazazi wengi. Sitakuambia kwamba mikesha yako iliibadilisha damu ya Baraka. Nakuambia kwamba mtu aliyekuwa akikesha hakukata tamaa, na mtoto wake akapata dawa kwa wakati. Sioni namna ya kuita hiyo kujiliwaza tu.

Kuhusu mume wako, usimshinde kwa maneno makali. Msomee habari ya mfalme Hezekia katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20: mfalme analia na kuomba, Mungu anasema amesikia na amemwongezea miaka 15, na katika aya zile zile Isaya anaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, naye akapona. Hakuna anayemwambia Hezekia kwamba tini zile zimeitia doa imani yake. Waislamu nao wanalo lile agizo la Mtume kwa mtu aliyeuliza kama amwache ngamia na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Ila kama kinachomkaba mume wako ni bei, maandiko hayatalipa. Nendeni pamoja ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mnakotibiwa, mkaulize kuhusu msamaha wa gharama na bima. Wapo akina baba wengi wanaokubali muujiza upesi kwa sababu mfuko umekwisha, na aibu inawazuia kusema.

Sasa Jumapili yako. Unaweza kukataa kusimama, na hakuna dhambi katika kukataa. Lakini kama utasimama, simama na habari yote. Sema kwamba mwaka jana mtoto alilazwa mara 5, kwamba Novemba alianza dawa, kwamba Januari ulifunga na kanisa, na kwamba tangu Februari hajalazwa. Sema kwamba dawa anaendelea nayo na kliniki anaendelea nayo. Sema majina ya wanawake waliokupikia. Mshukuru Mungu kwa yote hayo kwa pamoja, kama unavyoamini, bila kumgawia asilimia. Usiseme damu imebadilishwa, kwa maana hilo hujaliona. Ikiwa mchungaji hataki ushuhuda wa namna hiyo, basi anataka neno ambalo si lako, na unaweza kumwambia hivyo kwa heshima zote.

Usingoje Jumapili kwa ajili ya yule mama wa viti vya nyuma. Nenda nyumbani kwake wiki hii, peke yako, bila mchungaji na bila Biblia mkononi. Mwambie umeombwa kutoa ushuhuda na kwamba hukutaka ausikie kwa mara ya kwanza kutoka kwenye spika. Mwulize habari za binti yake, jina lake, alichopenda kula, alivyokuwa akicheka. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe na haukuondolewa, na jibu alilopewa ni kwamba neema yangu yakutosha. Usimsomee mama huyo aya hiyo, maana ni yake aifikie mwenyewe kwa wakati wake. Kaa naye. Akilia, mwache alie. Na akikuuliza kwa nini wako na si wake, mwambie hujui, kisha umsaidie kuosha vyombo kabla hujaondoka.

Mshauri wako